Mapanga Sita ya Mpira

Mashua ilikuwa ya kilabu cha wahandisi wa mgodi, waliokuja ziwa Nzilo kila Jumapili kuvua samaki na kunywa bia. Mume wangu ndiye aliyeitunza. Aliiosha, aliifunga, aliwapakia na kuwateremsha wale wazungu na wake zao. Mgodi ulipoanza kufa wakaondoka mmoja mmoja, na wa mwisho akamwachia mume wangu funguo na nusu pipa la mazuti, dizeli ya injini. Alisema atarudi. Hakurudi, na mashua ikakaa kwenye gati lake, ikinyeshewa na kuota ukungu wa kijani.

Mimi wakati huo nilikuwa karani wa depo ya vipuri, Kolwezi. Nilizaliwa Musonoi, katika nyumba ya kambi ya mgodi, na wazazi wangu walizaliwa humohumo. Babu zetu ndio walioletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Kasai yenyewe sikuwahi kuiona. Nilimpenda kijana wa Katanga ya kaskazini, akanioa kanisani Manika, na mama yangu alipika siku tatu mfululizo kwa furaha.

Kisha likaja neno kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwanza lilisemwa kwenye mikutano, halafu likaja kusemwa mlangoni kwetu. Walituita bilulu, wadudu. Asubuhi moja nilifika depo nikakuta kiti changu kimekaliwa na mtu mwingine, naye akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyepotea njia. Nilirudi nyumbani bila hata kuchukua sweta yangu. Siku hiyohiyo mume wangu alinipakia kwenye baiskeli akanipeleka ziwani, kwenye kibanda chake cha ulinzi. Wazazi wangu walikataa kuja. Baba alisema wao watangoja kituoni treni ya kwenda Kasai pamoja na majirani zao wote.

"Tulikaa nao kambi moja maisha yetu yote," alisema. "Nitawakimbia leo?"

Treni haikuja. Watu walilala kwenye saruji ya kituo, wakatundika shuka kuwa kuta, wakaanza kuugua. Mama yangu, ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda cha zamani, alivimba mpaka gotini.

Habari hizo alituletea kaka wa mume wangu. Alifika akiwa amevaa buti ndefu za mpira za mgodini, ingawa mgodini hakukuwa na kazi tena. Hakukaa. Alisimama mlangoni akamwambia mdogo wake, mimi nikisikia:

"Bale bijana benye kufukuza batu ba Kasai bako ku barabara. Kesho, kesho kutwa, batafika huku. Bibi yako umupeleke ku gare ya treni na benzake, bakuache weye salama."

"Ni bibi yangu," mume wangu alijibu. "Haendi fasi yoyote."

"Basi batabachoma nyote mubili."

Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na kijiji cha mjomba wao, upande wa mama. Huko hakuna aliyekuwa akiuliza mtu babu yake alitoka wapi. Mitumbwi ilikuwepo, na mimi ningeweza kuvuka kwa mtumbwi. Lakini nilikuwa nikimfikiria mama. Msimu ule upepo ulikuwa ukiinua mawimbi katikati ya maji, na mtu asiyeweza kukunja mguu hakai kwenye mtumbwi mwembamba. Nikasema:

"Tuvuke na mashua. Na wazazi wangu tuvuke nao."

Mume wangu alicheka kwa uchungu. Injini ilikuwa inawaka, alisema, hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba haikuweza kwenda hata mwendo wa kuvuta sigara moja bila kuchemka. Injini ile ilipozwa na maji ya ziwa: pampu ndogo ya shaba iliyofungwa ubavuni ilivuta maji kutoka chini ya mashua, ikayazungusha ndani ya chuma, kisha yakatoka nje kwa bomba pamoja na moshi. Pampu ilikuwa imekufa.

"Nionyeshe," nikasema.

Sikuwahi kufungua pampu maishani. Nilizijua kwa upande wa rafu tu: nilijua kila moja inakula nini, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikiwapa mafundi vitu vyake. Mume wangu aliijua injini ile kwa sauti, lakini vipuri vyake alikuwa akiletewa tayari. Tuliifungua wawili wetu, tukiwa tumelala kifudifudi. Skrubu za kifuniko zilikuwa zimeganda, tukaziwekea makaa ya moto juu, kisha mawese, kisha subira. Moja ilikatika kichwa. Nyingine zilitii.

Ndani tulikuta aibu. Pampu ya namna ile ina kigurudumu cha mpira chenye mapanga sita laini, yanayojikunja na kujikunjua yakisukuma maji. Chetu kilikuwa kigumu kama mfupa. Mapanga matatu yalikuwa yamekatika. Mawili tuliyakuta chini ya kifuniko. Beringi moja ilikuwa ikizunguka, ya pili ilikuwa donge la kutu. Sili iliyozuia maji yasifuate shafti ilikuwa imeliwa yote.

"Kila kintu kimeoza," mume wangu akasema.

Nilifuta beringi iliyokufa kwa kitambaa nikasoma namba iliyopigwa pembeni yake, na moyo ukaruka. Namba ile niliifahamu kama namba ya nyumba yetu. Ni beringi ileile inayokaa kwenye dinamo ya malori ya mgodi, na lori moja lilikuwa limetupwa njiani, karibu na gati, bila matairi na bila milango. Dinamo lakini ilikuwepo, maana hakuna aliyejua afanye nayo nini. Mume wangu aliileta begani, akiimba.

Kutoka hapo tulianza kuamini. Kifuniko kilikuwa na mikwaruzo ya duara upande wa ndani, nikakigeuza, upande mzuri uangalie ndani, tukakisugua kwenye kioo cha dirisha kilichotiwa mchanga mwembamba na maji mpaka kikalala sawasawa. Gasketi ya kuziba kifuniko niliikata kwa mkasi kutoka mfuko wa saruji, nikaipaka mafuta. Sili ilitusumbua. Nilitaka ngozi, laini lakini imara, ya kulowekwa kwenye mafuta ya ng'ombe. Mume wangu alizunguka kibanda chote kwa macho, kisha akaangalia chini ya kitanda, kwenye viatu vyake vya kanisani.

"Apana," akasema kabla sijafungua mdomo.

Nilikata ulimi wa kiatu cha kushoto. Alienda misa na kiatu kile miaka mingi baadaye, kamba zikimuumiza mguu, na kila Jumapili alinikumbusha.

Kikabaki kigurudumu chenyewe. Tulichoma mpira wa zamani tukaokoa bomba dogo la shaba lililokuwa katikati yake, lile linaloshika shafti. Mume wangu alichonga kitovu cha mti mgumu wa mukula, akakipigilia bomba lile ndani, nami nikakata kwa msumeno mdogo mifereji sita ya kuchomekea mapanga. Lakini mapanga ya nini? Tairi kuukuu la baiskeli lilikuwa gumu, likagoma kujikunja. Mpira wake wa ndani ulikuwa mwepesi, ukalala kama kitambaa kilicholowa.

Hapo shemeji yangu akarudi. Alikuja kumchukua mdogo wake kwa nguvu kama ingebidi. Alisema hivyo mwenyewe baadaye. Alitukuta tumekaa chini, pampu katikati yetu kwenye gunia, mikono myeusi mpaka viwiko. Nilikuwa nimechoka, na sikumsalimia. Niliangalia miguu yake tu.

"Unaangalia nini?" akauliza.

"Buti yako."

"Buti yangu iko na nini?"

Mume wangu akamweleza. Alieleza polepole, akimwonyesha kitovu, mifereji, mahali mpira unapotakiwa kujikunja na unaponyooka. Shemeji alichuchumaa. Alikizungusha kitovu kwa kidole. Mimi nilikuwa nikisubiri tusi.

"Na mukimaliza?"

"Tunavusha mama na baba yangu," nikasema.

Alikaa kitako kwenye mavumbi akaivuta buti ya kulia kwa mikono miwili mpaka ikatoka na soksi.

"Ule mama alinipikiaka," alisema, bila kuniangalia. "Wakati natafuta kazi mu Kolwezi. Kila siku, na hakuniulizaka ntaondoka lini."

Mpira wa shingo ya buti ulikuwa kama umetengenezwa kwa kazi ile. Nilikata mapanga sita, nikakunja mguu wa kila moja kuzunguka kipande cha waya ili lisichomoke, nikayaingiza kwenye mifereji. Mti ungevimba majini na kuyabana zaidi. Tulifunga kila kitu, shemeji akiwa ameshika taa ya mafuta kwa mkono mmoja na buti iliyobaki bila shingo kwa mwingine.

Asubuhi mume wangu alizungusha mkono wa chuma. Injini ikakohoa, ikakubali. Sote watatu tuliinama kwenye ubavu wa mashua, macho kwenye bomba la moshi.

Moshi ulitoka. Maji hayakutoka.

Tulisubiri. Chuma kikaanza kunuka. Mume wangu aliizima injini, akaupiga ubao kwa ngumi.

"Pompi ni mubaya," shemeji akasema, lakini kwa huzuni, kama mtu wa upande wetu.

Nilifungua bomba linalotoka kwenye pampu, nikamwambia mume wangu aizungushe injini kwa mkono tu, bila kuiwasha. Maji yakaniruka kifuani. Basi pampu ilikuwa nzima! Ilikuwa inavuta na kusukuma, lakini mbele yake kulikuwa na ukuta. Nilikaa pale nimelowa, nikafikiri kama nilivyozoea kufikiri depo, kila kitu kilichotoka lazima kiwe kimekwenda mahali. Mapanga matatu ya zamani yalikatika. Tulikuta mawili.

"La tatu liko wapi?" nikauliza kwa sauti.

Lilikuwa kwenye kona ya bomba, mahali linapoingia kwenye injini, limekaa kimkingamo kama mfupa wa samaki kooni. Nililitoa kwa waya uliopindwa ncha. Kipande cha mpira kisichozidi kucha ya dole gumba.

Mume wangu akawasha tena. Safari hii bomba lilipiga chafya kwanza, likatema kutu, likatema majani yaliyooza, halafu likanyamaza kidogo tu, kiasi cha kunifanya nishike mkono wa shemeji bila kujua. Kisha maji yakaja. Yalikuja kwa mkupuo, yakaja tena, yakaendelea kuja, meupe, mazito, yakipiga uso wa ziwa kwa kelele.

"Mayi inatoka!" shemeji alipiga kelele. "Inatoka! Ona, inatoka!"

Alikuwa akirukaruka kwenye gati, buti mguu mmoja, mguu mwingine mtupu. Mume wangu aliweka kiganja kwenye kichwa cha injini, akakiacha pale. Akaniangalia, kiganja bado kipo pale, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nani angeenda kituoni? Mimi nisingepita barabarani. Mume wangu alihitajika kwenye injini. Shemeji alikuwa ameshavaa kandambili za mdogo wake.

"Ntaenda mi," akasema. "Miye banajua sura yangu."

Alikwenda na baiskeli, akarudi siku iliyofuata akiisukuma, mama yangu amekaa nyuma, amefungwa kiunoni kwa kitenge kwenye kiti, na baba, aliyekubali kwa sharti kwamba majirani nao watafuatwa, akitembea pembeni na sufuria kichwani. Njiani walisimamishwa. Shemeji aliwaambia wale vijana kwamba huyu ni mama yake mgonjwa, na alipoulizwa mara ya pili alikasirika kweli, akawauliza kama wao hawana mama. Wakampisha.

Tuliwalaza mashuani kwenye magodoro ya majani. Upepo ulikuwepo, mawimbi yalikuwepo, na injini iliimba njia nzima bila kupandisha joto. Katikati ya ziwa mama aliuliza kwa nini mashua inakojoa. Baba alicheka kwa sauti niliyoisahau. Nilimsogeza mama ukingoni. Alinyoosha mkono akakinga yale maji, akashangaa kuwa ni ya vuguvugu, akanawa uso, shingo, na mwisho akaomba tumnawishe miguu.

Ng'ambo, mjomba wa mume wangu alikuwa amesikia mlio tangu mbali na kijiji kizima kilikuwa kimeshuka majini. Walimbeba mama juujuu. Kidonda chake kilipona kwa dawa za mizizi na kwa kulala usingizi. Sisi siku ileile tulijaza mazuti upya, tukala ugali na samaki tumesimama, na kabla jua halijageuka mume wangu, shemeji na mimi tulikuwa tumeng'oa tena kurudi upande wa pili kuchukua familia ya jirani zetu wa Musonoi, mimi nikiwa nimekaa kando ya pampu, mkono juu yake, nikisikiliza.