Pini Isiyouma

Ilikuwa asubuhi ya harusi, nasi tukijiandaa kwenda Bwejuu. Nilisimama mbele ya kioo nikikunja mtandio, pini tatu nimezibana midomoni, kama afanyavyo mama yangu na kama alivyofanya mama yake.

"Wewe funga tu," dada alisema nyuma yangu. "Tutafika bi harusi keshajifungua."

Nilicheka, na katika kucheka nikavuta pumzi. Nikakohoa mara mbili, kisha kikohozi kikakoma. Midomoni zilibaki pini mbili.

Sikuhisi maumivu yoyote. Hilo ndilo lililonitisha.

"Umeimeza tu, mwanangu," mama alisema, akinimenyea ndizi. "Kula, itashuka."

"Mwenzetu hata pilau hakuingoja," dada akatia neno.

Nilikula. Sote tulidhani kipitacho kooni hakina njia ila ya tumboni. Jioni, tulipokwenda hospitalini kuhakikisha, picha ya eksirei ilitusahihisha: katika giza la kifua changu, upande wa kulia, ulisimama mstari mweupe mwembamba wenye kichwa cha mviringo. Nilivuta pumzi nikiutazama, nikajua kwamba ndani yangu nao unapanda na kushuka.

Daktari alieleza bila haraka. Tawi la kulia la njia ya hewa ni pana zaidi na limesimama wima zaidi kuliko la kushoto. Ndiyo maana vitu huangukia humo. Kichwa cha pini hutangulia kwa uzito, ncha hubaki ikitazama juu, na kila kikohozi huweza kuidunga ukutani. Ikiachwa huchubua, huleta usaha, hata hutoboa pafu.

"Usijilazimishe kukohoa," aliniambia, "na usile kitu mpaka tuitoe."

"Mbona haimuumi, daktari?" mama aliuliza.

"Huko ndani, mama, mara nyingi haitoi habari."

Asubuhi, kabla ya kunitia dawa ya usingizi, walipiga picha ya pili. Pini ilikuwa imeshuka zaidi. Usiku kucha nilikuwa nimelala kwa utulivu, nayo ikatembea.

Walipitisha kooni mrija mwembamba wenye taa na kibanio, wakaitoa. Iling'aa kama mpya.

Juma lililofuata nilimkuta dada mbele ya kioo kile kile, pini midomoni. Mama alikuwa keshafika. Alimkingia kiganja chini ya kidevu, akangoja azitemee humo. Nami nilizuia pumzi mpaka niliposikia pini ya mwisho ikilia ndani ya kisahani alimozitia mama.