Lumbesa Kwenye Mtumbwi

Kaka yangu ni dalali wa mahindi Kibaigwa, na mtu akishakuwa dalali wa Kibaigwa hakuna jambo duniani analokubali kwamba halijui. Anajua siasa, anajua dawa ya kisukari, anajua namna ya kumlea mtoto wa jirani. Zaidi ya yote anajua kupakia. Nimemwona sokoni kwa macho yangu, amesimama juu ya lori, tumbo mbele, akiwafokea wapakiaji waliokuwa wakipakia vizuri tu kabla hajafika.

Baba alipofariki, kaka aliamua mama ahame. Mama alikuwa akiishi kwenye kambi ya wavuvi ng'ambo ya bwawa la Mtera, ambako baba alikuwa anakausha samaki na kuwauza. Mama mwenyewe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu ilikaa barazani, na wake za wavuvi walimpenda kwa jambo moja lisilopatikana kwa mafundi wengine: hakuwahi kumwambia mteja "njoo kesho." Akisema Ijumaa, Ijumaa unavaa.

Alikubali kuhamia Kibaigwa kwa sharti moja.

"Cherehani yangu naenda nayo, na nitakaa nayo barazani kwako. Sitaki kumwomba mtu hela ya sukari, hata kama mtu huyo nimemzaa mwenyewe."

Kaka alikunja uso. Mama wa dalali akae barazani anabandika viraka, watu watasemaje? Akasema sawa, kwa sauti ileile anayowakubalia wakulima bei ambayo hana nia ya kuilipa.

Siku ya kuhama tulivuka mimi na yeye kwenda kumchukua, maana kuzunguka kwa barabara ni mbali, na gari lake aliliacha upande wa huku. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vyenye ncha. Mwenye mtumbwi aliviangalia, akaangalia pembeni.

Tulipotoa vyombo nje, kaka alishika usukani wa kupakia. Chini akaweka magunia ya nguo, sufuria na ndoo, juu yake sanduku, juu ya sanduku godoro, na juu kabisa, mfalme kwenye kiti chake, cherehani. Kwenye lori, alitufundisha, kitu cha thamani hukaa juu ili kisibanwe. Kisha akafunika turubai na kukaza kamba huku ameweka goti. Ilikuwa lumbesa kamili, kama yale magunia yanayojazwa mpaka yanavaa kofia. Tofauti ni kwamba lumbesa ya Kibaigwa inamwibia mkulima, na hii ilikuwa inamsubiri mama yangu.

"Mwanangu," mama alisema, "hicho ni chuma. Kikae chini, katikati."

"Mama, mimi nimepakia mahindi ya nchi nzima. Mzigo ukifungwa hauanguki."

"Sawa bosi," akasema mwenye mtumbwi, ambaye nauli yake alikuwa ameshaitia mfukoni na hakuona faida ya kubishana.

Halafu kaka akapanda kukaa juu ya mzigo. Wapakiaji wa lori ndivyo wanavyosafiri, nao wana akili kuliko yeye, kwa sababu hawajawahi kufanya hivyo juu ya maji.

Upepo ulituanza tulipokaribia ufuko wa huku, penye ile miti mikavu inayosimama ndani ya bwawa. Turubai likavimba. Hapo simu ya kaka ikalia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, naye akainuka kuitoa. Hakuweza kungoja. Mtumbwi uliinama, mimi na mama tukang'ang'ania upande wa pili, na mzigo wote ukateleza majini na dalali wake. Alisema kweli kwamba haukuanguka. Kitu hakikuchomoka hata kimoja. Viliondoka vyote pamoja, vimefungwa vizuri.

Godoro lilichomoza na kona moja ya turubai, kaka akalikumbatia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Simu yangu!" Kisha godoro likalowa, likafuata chuma. Tulimvuta kaka kwa ukosi wa shati. Mwenye mtumbwi aliteremsha pondo lake refu, halikugusa chini.

Ufukoni, viatu vikitema maji, kaka alimshika mama bega. "Basi mama, ni mipango ya Mungu. Sasa utapumzika."

Nilimchukia. Sitafuti neno laini zaidi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu la kaka lilikuwa zima. Kilichozama ni cherehani ya mwenzake. Mama alikuwa anautazama mti mmoja mkavu uliojaa viota vya ndege, karibu na pale mzigo ulipozamia.

Kibaigwa mama alipewa sofa, televisheni na kazi ya kuomba. Hela ya sukari aliiomba kupitia kwa mkwewe, na mkwe naye aliomba kwa mumewe. Wageni walipokuja kaka aliwasimulia ajali, na kila mgeni aliongezewa wimbi. Mpaka mfungo wa Kwaresima, mamba alikuwa ameshaingia kwenye hadithi. Mama yeye alipenda kuwapigia simu watu wa kambini na kuuliza maji yamefika wapi. "Anakumbuka kwao, maskini," kaka akasema.

Kiangazi kilipokolea, mama aliaga kwamba anakwenda semina ya akina mama kanisani. Alinipigia mimi Dodoma ninakoishi, tukaenda Mtera. Ule mti ulikuwa umesimama kwenye tope lililopasuka, na wavuvi walichimba mpaka wakavuta turubai. Mafundo ya kaka yalikuwa bado yameshika. Hilo nampa.

Meza ilikuwa imeoza, kichwa cha cherehani kimekuwa chekundu kwa kutu. Tulikipeleka kwa fundi wa cherehani kule Kizota, Dodoma, akakilaza kwenye dizeli, akabadilisha vilivyokufa. Siku gurudumu lilipozunguka mama alilia, nami nikalia. Hakurudi Kibaigwa. Alipanga chumba chenye baraza hukohuko Kizota, na wateja wake wanavaa Ijumaa.

Kaka anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyemfungulia mama ofisi. Mwaka jana alikuja na suruali ya suti ipanuliwe kiunoni, maana Jumamosi alikuwa amealikwa harusi ya tajiri mmoja. Mama alimpima tumbo kwa upole, akaitundika suruali kwenye msumari.

"Njoo kesho," akamwambia.

Akaja kesho yake.

"Njoo kesho, mwanangu."

Maharusi wale sasa wana mtoto. Suruali bado iko msumarini.