Tezi Iliyoshiba

Wanaonijua watakwambia mimi si mtu wa hasira. Nauza juisi ya nanasi Kiwangwa, pale barabarani, na mteja akinirudishia glasi akasema sukari haitoshi, namcheka tu na kumkatia kipande cha nanasi bure. Kwa hiyo ninaposema kuna daktari mmoja ambaye mpaka leo nikimkumbuka nauma meno, ijulikane kwamba si kawaida yangu.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea. Ni dada wa mama yangu, mkubwa kwa kuzaliwa na mkubwa kwa mdomo. Alianza kwa shingo kuvimba mbele. Macho yakamtoka, akawa anaonekana kama ametoka kushtuliwa muda huo huo. Alikuwa anakula kutushinda sote na bado anakonda. Mikono ilitetemeka hadi ukili wa kusukia mikeka ukawa haushikiki, na moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa kitako mkekani. Hospitali ya wilaya wakampima damu, wakampa vidonge vya kutuliza, wakamwambia tezi yake inafanya kazi kupita kiasi na vidonge peke yake havitamaliza kazi. Aende hospitali kubwa Dar, idara ya tiba ya nyuklia, akanyweshwe madini joto yenye mionzi. Unakunywa kidogo tu, yanakwenda yenyewe mpaka kwenye tezi, yanaiunguza kwa ndani. Hupasuliwi.

Nilifurahi kuliko mgonjwa mwenyewe. Mimi tangu mdogo naota kuvaa koti jeupe. Nilimaliza kidato cha nne na divisheni foo, ndoto ikabaki ndoto, lakini haijafa. Siku ya kwanza tulipoingia ile idara, nikaona mlango mzito wenye alama ya njano, nikaona mashine inayopiga picha ya kiungo kimoja tu ndani ya mwili, nilitamani nibaki pale hata nideki sakafu. Wanafunzi wa udaktari walipita na vitabu vyao, nikawatabasamia wote. Mmoja alinitabasamia pia, msichana wa rika langu, ana hijabu ya kijivu na kalamu tatu mfukoni.

Daktari mkuu alikuja na wanafunzi sita nyuma yake. Mama mkubwa akamwamkia kabla hajaamkiwa, ingawa kwa umri angeweza kumzaa. "Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama." Akaitikia hivyo hivyo bila haya, akamwinua kidevu, akaanza kufundisha.

Kila mwanafunzi alimpapasa shingo. Wa nne alibonyeza sana, mama mkubwa akamwambia, "Taratibu, mwanangu. Hilo si embe, useme unapima kama limeiva." Wakacheka. Daktari hakucheka, alikuwa katikati ya somo. Somo lote lilikuwa la Kiingereza, refu, anahesabu kwa vidole. Nilidaka chumvi, nikadaka vidonge, nikadaka wiki mbili. Mengine yalinipita juu. Kiingereza chenyewe shuleni kwetu tulifundishwa kwa Kiswahili.

Walipomaliza wakaondoka. Alibaki yule wa hijabu ya kijivu, ameachiwa faili. Akatuambia, "Mama, chumvi usile wiki mbili kabla ya kuja. Na vidonge uache wiki moja kabla. Sawa?"

"Sawa."

"Na yale mengine aliyosema?" nikauliza. "Alihesabu vidole vingi."

Alitabasamu. "Ah, hayo ya kwetu, dada. Ya masomo."

Akaweka alama ya vema kwenye faili, akatutakia safari njema. Sikumdhania baya. Nilimwona mzuri sana.

Nyumbani nikawa polisi wa chumvi. Nilikusanya chumvi yote ndani nikaipeleka kwa jirani. Nilisugua sufuria upya. Mgeni akileta chakula nilikionja kwanza mlangoni, kikiwa na chumvi kilirudi naye. Watu walininunia, wengine walinitania kwamba nimekuwa ofisa afya. Sikujali. Mama mkubwa alikula wali mkavu wa nazi usio na ladha yoyote na hakulalamika, yeye ambaye mchuzi ukipungua ndimu tu husikia kijiji kizima.

Na kwetu mgonjwa hapewi nyama. Mgonjwa hupewa samaki mbichi, wa kuchemsha, mchuzi mwepesi. Nilikuwa namwagizia kwa pikipiki kutoka Bagamoyo kila siku ya Mungu, nachemsha kwa ndimu na nyanya, sitii chumvi hata punje. Wiki ya pili, alipoacha vidonge, alidhoofu. Ndipo akaja wifi yake, mke wa kaka yake, anakaa pwani na analima mwani. Alikuja na mfuko wa unga wa mwani. Sasa hivi kina mama wa kule wanafundishwa kuusaga, wanatia kwenye uji, wanatengeneza juisi, na kweli una nguvu.

"Usiogope, hauna chumvi," wifi akaniambia, maana sifa zangu zilishamfikia. "Nimeuosha kwa maji ya mvua mara tatu, nikauanika, nikauosha tena. Lamba uone."

Nikalamba. Haukuwa na chumvi. Nikamshukuru mpaka nikambusu mkono. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilimkorogea mama mkubwa uji wa mwani bakuli zima, nikakaa mbele yake mpaka amalize.

Siku yenyewe tulifika mapema. Kabla ya kunywa dawa walitaka kumpiga picha ya tezi. Akalazwa, mashine ikamkaribia shingoni, ikakaa pale kwa muda. Tuliomba tuone. Kwenye kioo tulitakiwa tuione tezi inawaka, pande mbili, kushoto na kulia. Kilichokuwepo kilikuwa ukungu tu.

Daktari aliitazama, akamtazama mama mkubwa. "Mama, umekula nini?"

"Nimekula bila chumvi, baba. Wiki mbili. Muulize huyu."

"Samaki?"

"Kila siku. Wabichi."

"Na nini tena?"

"Na uji wa mwani," mama mkubwa akasema, na alisema kwa fahari. "Ndio umenisimamisha hivi unavyoniona."

Yule daktari akacheka. Kicheko kifupi, cha puani. Akawageukia wanafunzi wake akasema maneno ya Kiingereza, na safari hii sikuhitaji darasa: alisema wagonjwa hawatii. Kisha kwa Kiswahili, ili na sisi tupate mgao wetu, "Watu wa pwani bwana. Kumtoa mtu wa pwani kwenye samaki ni kazi kuliko kumtibu."

Akasema leo hawezi kumpa dawa, haitaingia. Aende nyumbani, arudi baada ya miezi miwili, mwili ujisafishe. Dawa yenyewe ilikuwa imekuja kwa ndege na haihifadhiki, kila siku inapungua nguvu yenyewe, hivyo atapewa mgonjwa mwingine aliye tayari. Mama mkubwa akaitikia, "Apewe, mwenyewe anaumwa." Akaanza kujifunga kanga yake ili tuondoke.

Hapo ndipo nilipojikuta nimesimama mlangoni, nimeuziba.

"Daktari, nani alimwambia asile samaki?"

"Dada, tupishe."

"Nauliza tu. Wewe ulimwambia? Maana mimi ndiye ninayempikia. Chumvi nimeiona mpaka ndotoni. Ungeniambia samaki, samaki asingeingia mle ndani. Ungeniambia asile wali, angelala njaa na mimi ningelala naye njaa. Kutotii kwetu ni kupi?"

Akafungua faili. "Hapa pana vema. Ameelekezwa."

"Na nani?"

Wanafunzi sita wote wakatazama viatu vyao. Halafu yule wa hijabu ya kijivu akanyoosha kidole, kama tuko darasa la tatu. "Ni mimi, dokta. Niliwaambia chumvi na vidonge. Samaki sikusema. Mwani wala sikujua kama unaliwa."

Daktari alimwambia kitu kwa Kiingereza, taratibu, bila kupaza sauti, na nikaona macho ya yule binti yanajaa. Sikumhurumia wakati ule. Nimlilie yeye au nimlilie mama mkubwa? Nikamwambia, "Basi nieleze sasa. Kwa nini samaki?"

Akajifuta, akanieleza. "Tezi inapenda sana madini joto. Kwa hiyo tunainyima mpaka iwe na njaa, halafu tunaipa yale yenye mionzi, inayafakamia. Samaki wa baharini anayo hayo madini, na mwani unayo mengi kupita kitu chochote. Kuosha chumvi hakuyatoi. Tezi ya mama imekuja imeshiba."

Basi. Ni hayo tu. Ilimchukua muda wa kumenya chungwa. Mimi na divisheni foo yangu nilielewa neno kwa neno, na mama mkubwa, ambaye hakumaliza darasa la nne, alielewa kabla yangu, kwa sababu nilimsikia nyuma yangu anasema taratibu, "Kumbe ndiyo hivyo." Walikuwa nayo maneno hayo tangu siku ya kwanza. Waliyasema mbele yetu, juu ya shingo ya mama yangu, wakaondoka nayo. Ya masomo.

Nilitaka kuvunja kitu. Sikuvunja. Nilisema, "Mungu anawaona," nikamshika mkono mama mkubwa tukatoka.

Njiani ndipo hasira ilipopata njia ya kunirudia mwenyewe, maana aliyekoroga uji ni nani? Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Ungejuaje? Na wewe usianze kunililia hapa, watu watasema nimekufa."

Siku ya nne, Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, alikuwa anafua. Nikasikia ndoo imepinduka. Nilimkuta amekaa chini kwenye maji ya sabuni, ameshika kifua, midomo imebadilika rangi. Nikaweka kiganja mgongoni mwake. Moyo haukuwa unakwenda mbio tu. Ulikuwa unapiga mara mbili, unaruka, unapiga mara moja, unatulia, unamwagika. Bagamoyo walimlaza siku tisa, wakamwanzishia na vidonge vya kuzuia damu kuganda, vya muda tu, walisema. Daktari wa zamu pale, kijana mwenye usingizi machoni, aliniambia kwamba kukaa bila vile vidonge vya tezi, ambavyo hakuna aliyetuambia avirudie, halafu ule mwani juu yake ndivyo vilivyoichochea tezi. Alisema akiwa ameinama, ananitazama usoni, na aliponiona natafuta pa kuegemea alinivutia kiti. Sikumkasirikia huyo.

Miezi miwili ilipotimia tulirudi Dar. Mama mkubwa alikuwa hajala samaki hata kwa kunusa. Mwanafunzi wa hijabu ya kijivu alitukuta kwenye benchi, akakaa kati yetu, akafungua daftari. "Mama, jana ulikula nini? Juzi? Mwanajuzi?" Aliandika vyote, mpaka dawa ya kikohozi aliyompa jirani. Alikuwa na karatasi ya Kiswahili aliyoiandika mwenyewe kwa mkono, na mwani ulikuwa juu kabisa. Nilimsalimia vizuri, lakini kumtabasamia nilishindwa. Mama mkubwa alikunywa dawa yake kwa mrija kutoka kwenye kikombe kidogo ndani ya chombo cha madini ya risasi, akauliza mbona haina ladha, na tukarudi nyumbani na masharti yote tukiwa tumeyashika. Siku zake za kukaa peke yake, ili mionzi isiwafikie wengine, nilisimama uani nikazuia wageni kumpa mkono, na safari hii walinielewa kwa sababu niliweza kuwaeleza.

Shingo ilishuka. Macho yakarudi ndani. Akanenepa. Miezi sita baadaye tuliitwa kupimwa tena, na daktari mkuu alikuwepo, na wanafunzi wapya. Alisoma majibu ya damu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mama, tezi imepona." Kisha akawageukia wanafunzi, akaanza kuhesabu vidole kwa Kiingereza.

"Samahani, daktari," nikasema. "Kiswahili. Na sisi tupo."

Mama mkubwa alinivuta gauni. Daktari alinitazama, na nafikiri alinikumbuka, kwa sababu hakuniambia nimpishe. Akaanza upya kwa Kiswahili, kwa shida, anatafuta maneno ambayo nadhani hajawahi kuyatumia kazini. Akawaambia wamshike mgonjwa mkono wahesabu mapigo. Wa kwanza akasema tisini. Wa pili akasema sabini na nne. Wa tatu akasema hawezi kuhesabu.

"Ni kwa sababu hayaendi sawa," daktari akasema. "Tezi ilimchochea moyo muda mrefu mno. Tezi imepona, ila mapigo haya kwa mgonjwa huyu sitegemei yarudi kuwa sawa. Atatumia vidonge vya kuzuia damu kuganda maisha yake yote."

Mama mkubwa aliinua uso. Sisi tulikuwa tumeambiwa vidonge vile ni vya muda.

"Hayarudi?" akauliza.

Daktari akashusha karatasi ya majibu. Nadhani ndipo alipokumbuka kwamba shingo ile ina masikio.

"Ulijua lini, baba?"

"Tangu ulipokuja kunywa dawa, mama. Imeandikwa kwenye faili."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshajiandalia mengi kwa miezi sita, kitandani, barabarani, nawamenyea wateja nanasi huku namtukana kimoyomoyo. Mama mkubwa akainua kiganja kunizuia, akamwambia yule daktari, "Afadhali nimesikia." Akajiteremsha kitandani, akatafuta kandambili zake kwa mguu.

Idara iko ghorofa ya pili na lifti siku hiyo ilikuwa mbovu. Hasira ilikuwa imenifumba macho, mpaka yeye ndiye aliyenishika mkono. Tulishuka hivyo. Kila baada ya ngazi nne alisimama, akashika ukuta, akasubiri moyo upate mpangilio wake, na mimi nikasubiri naye.