Kibwengo Asiye na Kidevu

Kazini walimwita Mama Gundi, na jina hilo lilimkaa kama aproni yake. Miaka nenda miaka rudi aliketi katika chumba cha nyuma cha jumba la makumbusho, dirisha likitazama ukuta. Mezani palikuwa na sinia la mchanga, na ndani ya mchanga vipande vya mifupa vimesimamishwa wima ili gundi ikauke navyo visiinamie upande. Mifupa ilimfikia ikiwa imevunjika kama mtungi uliomponyoka mtoto. Yeye aliirudisha ilivyokuwa, na kipande kilichopotea alikijaza kwa nta. Hakuwa na papara. Angeweza kushinda na vipande viwili kutwa nzima, akivizungusha huku na huku mpaka vikubaliane. "Vikigombana si kosa lao," alizoea kusema. "Ni mimi sijavisikiliza."

Siku moja aliletewa taya la chini lililofukuliwa pangoni. Lilikuwa dogo, lenye rangi ya majani ya chai, na meno yake yamesagika. Aliliunga kama alivyounga mengine. Sehemu ya mbele ilibaki na ufa mwembamba usiotaka kufunga. Akaufunika kwa nta, akaifinyanga chini ya meno kwa kidole gumba, akampelekea dokta.

Dokta, mtafiti wa mifupa, alikuwa mwanamke wa rika lake, asiyeweza kufikiri bila karanga mkononi. Aliligeuza taya kwenye mwanga, kisha akauliza kile kidevu kimetoka wapi.

Mama Gundi akacheka, akidhani ni mzaha, akajibu kwamba kimetoka kunakotoka videvu vyote. Mataya yote aliyowahi kuunga yalikuwa na kidevu, na mkono ulikuwa umekitengeneza wenyewe, kama unavyopapasa swichi gizani katika nyumba uliyoizoea. Dokta hakumlaumu, alikiri kwamba hata yeye angepitiwa, kama wachimbaji wasingemtumia picha asubuhi ile. Alimwomba aitoe nta. Ilipotoka, ule ufa mkaidi ulijifunga kwa kugusa tu. Taya likabaki kama lilivyoumbwa: limeteremka kutoka menoni moja kwa moja kurudi nyuma kuelekea kooni, kama paa.

"Huyu si mtoto," dokta alisema. "Tazama meno yalivyochakaa. Ni mtu mzima. Ila si mtu kama mimi na wewe."

Mama Gundi alivuta kiti akaketi. Yeye alimjua asiye na kidevu tangu utotoni.

Mama yake ndiye aliyekuwa akiwasimulia, yeye na kaka yake, habari za kibwengo wa pangoni. Kimo chake cha mtoto wa shule, nguvu zake za ng'ombe. Ukimsemesha anayarudia maneno yako bila kuyaelewa. Na akinywa maji yanamwagika yote kifuani, kwa sababu hana kidevu. Kila asubuhi kabla hawajatoka, mama aliwakinga kidevu kwa kiganja, mmoja mmoja, kutokea chini. "Kipo," alisema. "Haya, nenda." Watoto walielewa kwamba wanakaguliwa, wasije wakawa wamegeuka vibwengo usiku.

Hadithi yenyewe haikuwahi kumalizika. Kibwengo wa mwisho anashuka kutoka pangoni wakati wa ukame, anasimama uani kwa watu, na hapo mama ananyamaza. "Mengine mkiwa wakubwa." Wakawa wakubwa. Kaka akafariki. Yeye akasoma, akapata kazi, akazaa, na katika pilikapilika zote hizo nani angemkalisha mama yake chini amuulize habari za vibwengo?

Dokta aliposikia hayo aliacha kutafuna. Alieleza taratibu, akichagua maneno, kwamba watu wa namna ile na watu wa namna yetu waliwahi kuwa duniani wakati mmoja. Huenda walichota chemchemi moja. Huenda walitazamana. Kama kutazamana huko ndiko kulikozaa vibwengo wa hadithi, hakuna wa kuthibitisha. Ni zamani mno, na neno lingepaswa kupita midomo isiyohesabika bila kudondoka.

"Sisemi ndiyo," alisema. "Na kidevu si bakuli, maji hayamwagiki kwa kukikosa. Lakini kusema siyo nako siwezi. Hadithi ya mama inaishaje?"

"Sijui."

"Basi muulize, dada yangu. Muulize angali nawe."

Na hapo ndipo palipouma. Akili ya mama yake ilikuwa inahama kidogo kidogo, kama mpangaji anayetoa vyombo bila kuaga. Yalianza kuondoka majina ya wajukuu, ikafuata njia ya kwenda bafuni. Siku hizi mzee alimwita binti yake nesi. Kama mwisho wa ile hadithi ulikuwa bado umo ndani, ulikuwa umo peke yake, na mlango u wazi.

Aliuliza jioni ile, na jioni zilizofuata. Wifi yake, mjane wa kaka, aliyeshinda na mzee mchana, alimtania kwamba hata polisi wakihoji huwapa watu nafasi ya kumeza mate. Mzee mwenyewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama kwa huruma.

"Mwanamke mzima," alisema, "unaamini vibwengo."

Wifi alicheka hadi akashika ukuta. Mama Gundi alicheka pia, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa ruhusa ya dokta alitengeneza nakala ya taya kwa plasta. Jumamosi mchana, jua likiwa limeingia hadi katikati ya chumba, aliiweka mapajani mwa mama yake. Safari hii hakuuliza kitu.

Vidole vya mzee vilianza safari. Vilipita juu ya meno, vikasita, vikashuka mbele, vikateleza. Vikarudi juu. Vikashuka tena, vikateleza palepale.

"Hana," alisema mzee.

Wifi, aliyekuwa anaingia na kikombe cha maji, alisimama mlangoni.

"Alikuja uani," mzee aliendelea, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa muda mrefu. "Wote walikimbia. Nikamchotea maji, yakamwagika. Nikamchotea mengine, yakamwagika. Basi nikamwekea mkono hapa." Aliinua kiganja chake, akakikinga chini ya taya la plasta. "Akanywa."

"Ni wewe, mama?"

"Ni sisi."

"Halafu?"

"Halafu nini? Alikuwa na kiu, kanywa, kaenda zake. Hakuwa na mwenziwe." Alifikiri kidogo. "Na mimi nina kiu."

Wifi alisogeza kikombe. Mama Gundi alikipokea, akakipeleka mdomoni mwa mama yake, na mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe chini ya kidevu cha mzee, kama ulivyokuwa ukienda kila siku tangu midomo ile ilipolegea, kukinga yanayomwagika. Ndipo alipouona. Alikitazama kiganja chake kama kitu kilichofukuliwa. Asubuhi zote zile za utotoni hawakuwa wanakaguliwa. Walikuwa wanafundishwa jinsi ya kushika.

Maji yaliisha kikombeni. Mkono aliuacha palepale.