Chura, Papa na Cherehani ya Bi Mashoto

Kuna wanaume wanaogombania wanawake, kuna wanaogombania mashamba, na kuna Profesa. Yeye alikuwa akigombana na nafsi yake, na huo ulikuwa mwaka wa tatu, kwa sababu ya gari.

Tena si gari hivi hivi. Lilikuwa gari la spoti, lile la milango miwili na viti viwili, ambalo ukikaa ndani makalio yanakaribia kusalimiana na lami. Kiwanda kilianza kulitengeneza kabla Profesa hajaota ndevu, na kila baada ya miaka kadhaa kinatoa toleo jipya, jina ni lile lile. Pale mjini yalikuwepo mawili ya kuuzwa. La kwanza lilikuwa toleo la zamani kabisa, dogo, lenye taa mbili za duara zilizotokeza juu. Watu wakalibatiza Chura. Hilo lilikuwa la mfamasia mmoja mstaafu, mzee aliyelifuta vumbi kwa pamba kama anamwandaa mgonjwa kwa sindano. La pili lilikuwa toleo la juzi juzi, pana, pua ndefu, na mapezi ubavuni. Hilo likaitwa Papa, na lilikuwa mikononi mwa dalali wa magari mwenye mdomo usiokauka.

Profesa mwenyewe hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa fundi viti. Miaka thelathini alikuwa akivalisha viti vya magari ya watu, mabasi ya watu na makochi ya watu, na kwenye ubao juu ya mlango wa karakana alijiandika "Mfalme wa Viti". Jina la Profesa alipewa na wanaume waliokuja kupiga soga pale mlangoni, kwa sababu hakuna jambo aliloulizwa akasema hajui. Na alikuwa na tabia yake moja, Mungu amsamehe: haamini kitu mpaka akione kwa chini. Akienda kwenye msiba, wenzake wanatoa pole, yeye mkono uko chini ya kochi unapapasa mshono.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wale wapiga soga hawakulisikia kwa miaka yote mitatu. Gari lingelala wapi?

Lingelala kwenye chumba cha mbele cha karakana. Na kwenye chumba hicho, chini ya dirisha kubwa, ndipo ilipokaa cherehani ya mkewe.

Mkewe walimwita Bi Mashoto, maana mkasi, mwiko na kalamu vyote alishika kwa mkono wa kushoto. Kazi ya Profesa ilikuwa kupokea wateja, kukata ngozi, na kuvifunga viti vikishakuwa tayari. Kazi ya Bi Mashoto ilikuwa, kwa maneno ya mumewe, "kunisaidia kidogo kushona". Kidogo hicho kilianza asubuhi kikaisha jioni, siku sita kwa wiki. Macho yake hayakuwa tena ya ujana, na ngozi nyeusi kwa uzi mweusi huwezi kuishona gizani. Lile dirisha ndilo lililomweka kazini. Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha, kilikuwa na tundu la panya.

Bi Mashoto hakujua wala hakutaka kujua injini ya kukaa nyuma ina raha gani. Lakini siku moja magari yote mawili yalipoletwa kukaguliwa, wanaume walipokwenda kunywa chai, alichukua utepe wake wa shingoni, akampima Chura, akampima na Papa, kisha akarudi kupima chumba. Chura angeingia na cherehani ingebaki pale pale dirishani. Papa, kwa upana aliojaaliwa, angekula chumba chote. Tangu siku hiyo mama wa watu akawa shabiki wa magari ya kale.

"Baba watoto, mimi naona hili la zamani ndilo lenye heshima," alisema akiwa anapakua chakula.

"Ehee! Umeanza kupata akili," Profesa akajibu, asijue hili wala lile.

Na kweli alikuwa anaelekea kwa Chura. Kilichomvuta kilikuwa viti. Viti vya Papa alishavipekua: gundi, sponji na mshono wa kompyuta. Akatema mate pembeni. Lakini viti vya Chura! Ngozi ya kahawia iliyolainika, mishono midogo imejipanga sawasawa, na pembeni, karibu na bawaba, palipinda kidogo, kama fundi wa kiwandani alipiga chafya siku ile.

"Orijino," alikuwa akisema, na mkono uko kifuani. "Hiki ni kiti cha kiwandani, hakijaguswa. Wale wazee walikuwa mafundi. Siku hizi tuna wabandikaji tu."

Bi Mashoto alikuwa akisikia hayo kila siku kupitia dirishani, anauma midomo asicheke. Kwa sababu viti vile alivishona yeye.

Miaka kumi na minne nyuma, Profesa alikuwa amelazwa hospitali na kidole tumbo. Dereva wa mwenye gari wa wakati ule, kabla ya mfamasia, alileta viti viwili vilivyoraruliwa na paka, viti vitupu bila gari. Bi Mashoto akaifumua ngozi mbovu taratibu, akaitandaza mezani, akahesabu tundu za sindano moja baada ya nyingine. Alitafuta ngozi kuukuu ya kochi lililotelekezwa, ili rangi ifanane. Siku tisa. Hata pale palipopinda alipapindisha vile vile, maana hakupenda kumsahihisha yule fundi wa kiwandani, pengine ni marehemu. Mumewe aliporudi akamweleza yote. Akamsikiliza huku anajikuna bandeji, kisha akasema: "Vizuri. Na mapazia ya mwalimu mkuu, yamekwisha?"

Basi. Akasahau, kama kweli aliwahi kusikia. Na sasa huyu mama alikuwa amekalia siri yake mwenyewe. Akifungua mdomo, Chura si orijino tena, Profesa atamgeukia Papa, na dirisha kwaheri. Akinyamaza, dirisha ni lake. Alichagua kunyamaza, na wala hakuona taabu. Amenyamazia makubwa zaidi ya hayo.

Jumamosi moja alasiri ikawa siku ya kukata shauri. Chura na Papa waliletwa mbele ya karakana, bampa kwa bampa. Mfamasia amesimama na pamba yake, dalali amevaa miwani ya jua, na wapiga soga wote wamekuja kama wana hisa. Profesa alimzunguka Chura mara tatu, akapiga magoti, akaanza mahubiri juu ya kiti. Angeishia hapo, mambo yangekuwa shwari. Lakini mtu akishapata hadhira!

"Mama watoto!" akaita. "Hebu toka uje ujifunze."

Bi Mashoto akatoka, kidole bado kina kastabini ya kushonea.

"Tazama huo mshono. Tazama! Miaka yote nakwambia shona hivi, shona hivi. Mkono kama huu hauzaliwi tena. Wewe ungeweza hii?"

Bi Mashoto akatazama chini. "Ni mzuri," alisema.

"Mzuri! Anasema mzuri!" Profesa akawageukia wenzake, meno yote nje. "Jamani, ndiyo shida ya kufanya kazi na msaidizi. Miaka thelathini nzima namfundisha huyu."

"Mwache shemeji," dalali akadakia. "Shemeji ni wa mapazia."

Wakaangua kicheko, hata mfamasia, mzee mzima mwenye adabu zake, akacheka kidogo ndani ya pamba. Bi Mashoto alikumbuka dirisha. Nawaambia alilikumbuka vizuri sana, na mwanga wake wa asubuhi, na kile chumba cha nyuma. Lakini damu ilishampanda kichwani, na hasira ya miaka thelathini haiombi ruhusa.

"Hivyo viti nimeshona mimi," akasema.

Kicheko kikazidi.

"Ulipokuwa hospitali na kidole tumbo. Vililetwa na dereva, paka alivichana. Nilikwambia ukaniuliza habari za mapazia."

"Usinitie aibu mbele za watu," Profesa akanong'ona.

"Fungua kwa chini. Si ndiyo tabia yako? Kwenye misiba ya watu unapekua, hapa unaogopa nini? Mshono wa kufungia nilipiga kwa mkono. Wa mtu wa kulia unalalia huku. Wangu unalalia kule."

Mlango wa Chura ukafunguliwa. Profesa akalala chali barabarani, kichwa kikaingia chini ya kiti, miguu ikabaki nje. Wakamsikia akipumua. Alikaa huko muda wa kutosha mtu kusema neno kwa mkewe. Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye nyusi.

"Mmeona?" akasema. Wote wakamkodolea macho. Bi Mashoto naye, ajabu, moyo wake ulikuwa unadunda kama wa msichana, maana alidhani sasa, baada ya yote, sasa atalisikia neno la sifa.

"Mmeona?" Profesa akarudia, akimnyooshea mfamasia kidole. "Gari hili si orijino! Mzee, ulitaka kuniuzia bandia!"

Mfamasia akakaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara. Dalali hakupoteza hata dakika; alimshika Profesa bega na kumfungulia mlango wa Papa, akimwambia kwamba ya kale yana mikono ya watu mingi, jipya linajulikana limetoka wapi. Kabla jua halijashuka Papa alikuwa amepata bwana.

Jumatatu Profesa aliita vijana wanne wenye nguvu waihamishe cherehani. "Ipelekeni chumba cha nyuma," akaamuru. "Tutaweka balbu."

Bi Mashoto alikuwa amesimama mlangoni na pochi kwapani. "Pitisheni huku," akawaambia, akawatangulia kuvuka barabara. Upande wa pili palikuwa na chumba cha mjane mmoja aliyekuwa akiuza mikate, kimekaa bure tangu aache biashara, na kilikuwa na madirisha mawili; kodi alishailipa Jumapili. Profesa aliona meza ya cherehani inapita, inasimama ikipisha baiskeli, inapita tena.

"Mke wangu, unakwenda wapi?"

"Kushona."

"Na jioni?"

"Jioni nitarudi nyumbani kulala. Kwani nyumba umeiuza?"

Akafuta ubao wa mikate, akaandika kwa chaki: "Viti. Ngozi. Fundi yumo." Wateja walikaa wiki moja wakitazama huku na huku kama watoto wa wazazi waliotengana. Halafu mwenye mabasi akavuka. Alisema yeye anafuata mshono, abiria hawakalii ubao wa mlangoni. Baada ya huyo, wengine nao wakavuka.

Huku nyuma Papa akaletwa kuingizwa chumbani. Profesa alikuwa amepima, tena kwa makini, kama anavyopima kiti: urefu, upana, vidole vinne vya nafasi kila upande. Akaingia polepole huku wapiga soga wakimwelekeza kwa mikono, na kweli Papa akaenea vizuri mno. Profesa akazima injini, akatabasamu, akasukuma mlango wa gari. Mlango ukafunguka vidole vinne.

Basi ikawa vituko. Alirudi nyuma akajaribu kuingiza kinyumenyume, kana kwamba upana una mbele na nyuma. Akajaribu kuvuta tumbo ndani. Akashusha kioo akatoa kichwa na bega moja, akakwama, wakamsukuma kumrudisha. Mfalme wa Viti alikuwa amepima gari bila kupima mlango, sababu miaka thelathini amepima vitu ambavyo havifunguki. Mwishowe Papa akatolewa nje, akawekwa kando ya barabara kwenye jua, na chumba cha mbele kikabaki kitupu. Kuku wa jirani wakaanza kuingia na kutoka humo.

Mwezi haujaisha, ndege walishaandika yao juu ya paa la Papa na watoto yao juu ya vumbi la kioo. Ndipo asubuhi moja Profesa akavuka barabara. Alisubiri wateja wawili wahudumiwe, akijifanya anatazama nyuzi.

"Nahitaji turubai la kufunika gari," alisema zamu yake ilipofika.

"Nitakuja kupima kesho," Bi Mashoto akajibu, bila kuinua kichwa.

Profesa hakuondoka. Alikanyaga mguu huu, akakanyaga ule. "Chumba kule ni kitupu. Dirisha lako liko pale pale. Gari nitaliuza nikipata mtu. Rudi basi, mama watoto. Yote haya kwa ajili ya gari?"

Bi Mashoto akasimamisha mashine. Kwa mara ya kwanza akamtazama usoni, na hakuwa amekasirika hata kidogo, jambo lililomtisha mumewe zaidi.

"Wala si gari," akasema. "Siku ile ulilala chini, ukauona mkono wangu kwa macho yako. Ukaibuka ukasema gari ni bandia. Hukusema mke wangu ni fundi."

Profesa akafungua mdomo. Badala ya neno, mkono wake ukaenda chini ya kiti kilichokuwa karibu, ukapapasa mshono unaolalia kule. Mlangoni akaingia dereva wa basi amebeba kiti kichwani, na ikabidi Profesa asogee ukutani kumpisha.