Plagi za Akiba

Leo nimefungua kopo lililokuwa juu ya kabati la baba, na harufu ya grisi imenirudisha Jumapili ile, nilipoinama juu ya injini ya kigari chake cha spoti. Injini yenyewe ilibanwa kama dagaa kwenye gunia. Plagi ya nne ilijificha nyuma kabisa. Mkono wa baba haukupenya, basi nikatumwa mimi, binti yake, nikachunika vidole mpaka nikalia kwa hasira. Baba alizisugua zote kwa msasa, tukazirudisha, gari likakohoa na kuzima. Mara ya tatu hiyo! Na Jumapili za miaka ile, ikifika saa nane mchana magari yalikuwa marufuku barabarani, ili kubana matumizi ya petroli.

Mama alisubiri ndani ya gari, kikapu mapajani. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa hoi, ng'ambo ya kivuko cha Kamanga.

"Baba watoto, si uweke zile mpya?"

"Zile ni za akiba. Hizi bado zinafaa."

Mama aliteremka, akajitwika kikapu, akashika njia ya kivukoni kwa miguu. Alipofika, bibi alikuwa ameshafariki.

Plagi zote nne zimo humu koponi, kila moja bado kwenye boksi lake la dukani.