Kifaa kilichokufa kilivyorudi mezani kwa fundi Vumilia

Saa moja asubuhi, Vumilia Masele amelala kifudifudi juu ya injini ya lori la tani saba. Miguu inaning'inia nje, mkono wa kulia umezama mpaka kwenye kiwiko. Bolti anayoifungua haionekani. Anaitafuta kwa vidole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Mama Zipora, si uitoe tu, uitupe?" anauliza Mwigulu, dereva wa lori hilo, ambaye leo anatakiwa kupakia mchele hapa Kahama. "Wenzio wote wanatoa."

"Wenzangu wanatoa," anajibu bila kuinua kichwa. "Halafu wewe unarudi kwangu kulalamika gari linakunywa dizeli kama ng'ombe wa kiangazi."

Kinachobishaniwa ni themostati, ambayo madereva wengi huiita themo. Ni mlango mdogo wa chuma unaotosha kiganjani, unaokaa kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, mlango unafunga ili maji yazunguke ndani mpaka yapate moto. Yakishapata moto unafunguka, maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta.

Ukikwama ukiwa umefunga, gari linachemsha. Ukiondolewa kabisa, kama mafundi wengi wanavyofanya kwenye malori ya zamani, injini haipati joto lake. Asubuhi gari linatoa moshi mweupe, dizeli inakwisha upesi, na injini inakufa kabla ya siku zake.

Vumilia, mwenye umri wa miaka 43, anashuka na themostati mbovu mkononi. Mezani ana mpya tatu, na hachukui iliyo karibu. Anasoma kwanza namba iliyogongwa kwenye chuma: 82, yaani nyuzi joto ambapo mlango unaanza kufunguka. Ile ya 71 anaisukuma pembeni.

"Watu wanadhani ya namba ndogo ndiyo nzuri kwa sababu huku kuna joto," anasema. "Injini si mtungi wa maji ya kunywa. Inataka joto lake, lisipungue, lisizidi."

Anapima upana wa ukingo, anakagua raba, anaangalia kipini kidogo cha kupitisha hewa, ambacho lazima kikae juu wakati wa kufunga. Kisha anafanya jambo linalomfanya Mwigulu agune. Anaifunga themostati kwa waya, anaining'iniza kwenye sufuria ya maji iliyo juu ya jiko la mkaa, na kutumbukiza kipimajoto pembeni yake.

"Mama, mpya hiyo!"

"Ndiyo maana naichemsha."

Kabla ya Agosti mwaka jana, Vumilia hakuwahi kuchemsha kifaa kipya. Kilichotoka dukani kikiwa kwenye boksi kilikuwa kipya, basi. Alikuwa fundi kwa miaka kumi na saba, mwanamke pekee katika gereji za nyuma ya maegesho ya malori, na jina lake lilifika hadi Geita. Ilimchukua miaka mingi kulipata jina hilo. Mwanzoni madereva walikuwa wakimwuliza fundi yuko wapi, hali ameshika spana.

Mmoja wa wateja wake wa Geita alikuwa Marcel Magesa, dereva wa lori la mwaka 1994, aliyepeleka mchele kwa wafanyabiashara wa Kalangalala, mjini Geita. Lori lake lilikuwa limeondolewa themostati na fundi mwingine miaka mingi nyuma. Geji ya joto nayo ilikuwa imekufa zamani.

"Yeye hakutaka," anasimulia Vumilia. "Aliniambia, 'Mama Zipora, mbona linakwenda tu?' Mimi ndiye niliyemshikia bango. Nikamwambia, nipe siku moja, utanishukuru."

Alifunga themostati mpya, akaliendesha lori bila mzigo kuzunguka mji, likatulia. Marcel alifurahi. Siku iliyofuata alipakia tani saba za mchele, akashika barabara ya Kakola kuelekea Geita.

Saa nane mchana simu ya Vumilia iliita. Ilikuwa namba ya Marcel, lakini sauti ilikuwa ya mtu asiyemfahamu.

"Wewe ndiye fundi? Njoo hospitali. Mtu wako ameungua."

Baada ya kupita Kakola, lori lilianza kutoa mvuke. Marcel aliegesha pembeni, akasubiri kama dakika kumi, akakunja kitambaa chenye maji na kufungua kifuniko cha rejeta. Maji yaliyokuwa yakichemka yalimrukia usoni, shingoni na kifuani.

Vumilia alipofika wodini hakumtambua. Alimtambua mkewe, Agnetha, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Nilisimama mlangoni," anasema. "Uso wote ulikuwa bandeji, mdomo tu unaonekana. Akasikia sauti yangu nikimsalimia mkewe. Akaniuliza, 'Mama Zipora, ulinifungia nini?'"

Kwa akili yake, kosa lilikuwa kwenye hosi, au pampu ya maji, au Marcel mwenyewe kufungua kifuniko mapema. Mawazo hayo, anakiri, yalimpa nafuu njia nzima ya kurudi.

Lori lilivutwa hadi gereji kesho yake. Hosi zilikuwa nzima. Pampu ilikuwa nzima. Alitoa themostati aliyoifunga kwa mkono wake siku mbili nyuma, akaiweka kwenye sufuria, akawasha jiko.

Nyuzi themanini na mbili, kimya. Tisini, mlango ulijitenga kidogo, pengo la unene wa ukucha. Maji yakachemka kabisa, sufuria ikawa inatikisika. Mlango haukusogea tena.

Bila mzigo, pengo lile lilitosha. Kwa tani saba, halikutosha.

Alikumbuka kwamba alinunua sita kwa mpigo. Nyingine tano zilikuwa kabatini, ndani ya maboksi yake. Alizichemsha zote. Mbili zilifunguka. Tatu hazikufunguka hata kidogo.

"Nikasema, basi, ni feki. Feki zipo, tumezoea. Nikaivua raba ya ile ya Marcel ili niipige picha, wauzaji wajue." Anajifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa haina majimaji. "Chini ya raba nikaona alama zangu."

Kwa miaka mingi, kila alipotoa themostati mbovu, Vumilia aliivua raba na kuikwaruza ukingoni kwa tupa, mikwaruzo miwili iliyokaribiana. Alifanya hivyo ili mbovu isije ikachanganyika na mpya juu ya meza yenye vyuma vingi. Kisha aliitupa kwenye pipa la chakavu, na wanunuzi wa chakavu walikuja kubeba kwa kilo.

Mikwaruzo ilikuwa ile ile. Themostati aliyomfungia Marcel, aliyoitoa kwenye boksi jipya, ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwake. Aliwahi kuitoa kwenye lori la mtu mwingine na kuihukumu kuwa imekufa. Mtu aliisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, akaivika raba mpya, ikarudi.

Alizivua raba zile nyingine. Mbili zilikuwa na alama.

"Niliishika, nikaiacha ianguke. Nikaiokota tena. Nilihisi kama nimekutana barabarani na mtu niliyemzika."

Alikuwa amezinunua kwa Cornel. Huyu hakuwa muuzaji wa kupita. Alikuwa na duka la vipuri hatua mia tatu kutoka gereji, na kwa miaka tisa ndiye aliyemwamini Vumilia na kumpa mali kwa mkopo wakati wengine walimcheka. Ndiye pia baba wa ubatizo wa Zipora, binti pekee wa Vumilia.

Alimkuta Cornel akipanga mikanda ya feni ukutani. Aliziweka tatu juu ya kaunta, bila raba.

"Kaka Cornel, hizi umezitoa wapi?"

Cornel aliziangalia, akaenda kuvuta mlango wa duka nusu.

"Mama Zipora, punguza sauti."

"Sijapaza sauti. Zimetoka wapi?"

"Kwa watu wa chakavu. Si zote mbovu, nyingine mafundi wanazitoa tu zikiwa nzima. Siwezi kujua ipi ni ipi."

"Marcel ameungua, Cornel. Ameungua uso."

Anasema Cornel alikaa juu ya kreti la soda, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasema maneno ambayo Vumilia anayarudia leo taratibu, kama anayesoma barua.

"Aliniambia, 'Mimi nilijua wewe unazipima kabla ya kufunga. Fundi kama wewe.' Hapo nikaishiwa. Nilikwenda pale nikiwa na hasira ya kuvunja duka, na yule mtu, pamoja na ubaya wake, amenishika penyewe. Sufuria ninayo. Jiko ninalo. Kuchemsha ni dakika kumi na tano. Sikupima."

Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyezijua alama zile, na wodini walikuwa wakisema Marcel alifanya haraka kufungua kifuniko. Usiku ule hakula. Asubuhi alikwenda polisi kuandikisha maelezo, na kutoka pale akaenda hospitali na themostati kwenye mfuko wa rambo.

Alieleza kila kitu, hata la kutopima. Agnetha ndiye aliyesimama.

"Dada, umekwisha kusema?"

"Nimemaliza."

"Basi toka."

Alitoka. Nje, anasema, alikaa kwenye ukingo wa mtaro mpaka mlinzi akamwuliza kama anaumwa.

Shauri la Cornel bado liko mikononi mwa polisi. Duka limefungwa, na yeye hajaonekana tena Kahama. Zipora, mwenye miaka kumi na sita, aliuliza mara moja tu kama bado ni baba yake wa ubatizo. Mama yake alimjibu kwamba ubatizo haufutiki, akaomba wasiongee zaidi.

Wiki iliyofuata Vumilia aliwapigia simu madereva kumi na tisa aliowafungia themostati kutoka duka lile, akiwaomba warudi bila malipo. Kumi na wanne walirudi. Kwenye malori matano alikuta kifaa chenye mikwaruzo yake miwili. Mafundi wa jirani walimwambia aache ujinga, aanze kuziondoa tu kama wao.

"Nilishawishika," anakiri. "Kutoa ni rahisi, na hakuna atakayekulaumu leo. Lakini lawama yake inakuja baadaye, injini ikifa, na hapo haina mwenyewe."

Badala yake aliweka sufuria nje, mbele ya mlango, ili kila mteja aone kifaa chake kikifunguka kabla hakijafungwa. Kwa siku sasa anahudumia malori mawili, si matatu kama zamani, na kipato chake kimeshuka kutoka wastani wa shilingi elfu arobaini kwa siku hadi elfu ishirini na tano. Wapo waliokasirikia kusubiri wakahama.

Mwezi Machi mwaka huu, mtu aliteremka kwenye basi la Geita akaja gerejini akitembea polepole. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevutika, na jicho la kulia lilikuwa limefunikwa ukungu. Vumilia alidondosha spana.

"Mwangaluka," Marcel alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Marcel. Karibu. Karibu ukae."

Hakukaa. Aliitazama sufuria. "Chemsha nione."

Walisimama wote wawili, maji yakipata moto. Kwenye themanini na mbili mlango ulianza kujiinua, ukapanda taratibu mpaka ukawa wazi wote. Marcel aliinama akalileta karibu jicho lake zima.

"Kumbe ni kadogo hivi," alisema. Akaaga, akarudi kupanda basi.

Marcel haendeshi tena. Anauza mchele kwa rejareja huko Kalangalala, na Agnetha bado hapokei simu za Vumilia.

Leo themostati ya Mwigulu imefunguka vizuri, nayo imeshafungwa, kipini juu. Lori linaunguruma. Vumilia anashika hosi ya juu kwa kiganja, anangoja, mpaka inapata moto ghafla. Ishara kwamba mlango umefunguka. Anamruhusu Mwigulu akapakie.

Mpango wake sasa ni kukusanya madereva kwenye maegesho kila Jumamosi, awafundishe kuitambua injini iliyozidi joto, na kwa nini kifuniko cha rejeta hakiguswi mpaka injini ipoe kabisa. Wenye maegesho wamekubali. Anataka aanze kabla ya msimu wa kusafirisha mpunga mpya.

Amemwomba Marcel awe mzungumzaji wa kwanza, kwa nauli na posho. Alimtumia ujumbe wiki mbili zilizopita. Hajajibiwa.

"Akikataa nitamwelewa, nitasema mwenyewe yote, na jina langu nitalitaja," anasema. "Lakini akija, sitasimama mbele. Nitakaa chini na madereva, nimsikilize."